Wati 35: historia ya taa ya pikipiki chini ya Mlima Meru

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni tuzungumze habari ya taa. Ndiyo, taa ya mbele ya pikipiki. Ukikaa nusu saa tu kwenye gereji za pikipiki pale Unga Limited utaona kazi inayoingiza hela ya haraka siku hizi: kung'oa taa iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani na kufunga nyingine yenye mwanga mkali. Watu wazima wakiona wanasema ni urembo wa vijana wa bodaboda, sawa na zile stika na vishada vya rangi kwenye usukani. Mimi nakataa. Huu ni ugomvi wa siku nyingi kati ya barabara zetu na watu waliochora mashine tunazopanda, na ukiufuatilia unakuta kila kizazi hapa Arusha kimepigana nao kwa namna yake.

Tuanze na vita. Arusha ya Mjerumani ilikuwa kituo kidogo chenye boma, lile lile la mwaka 1900 ambalo leo ni makumbusho. Ukipandisha barabara ya Boma kutoka Mnara wa Saa unakutana nalo. Machi 1916 majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Smuts yaliwasukuma Wajerumani kutoka maeneo ya Kilimanjaro na Meru, na mwezi uliofuata Jenerali Van Deventer akaondoka Arusha na askari wake wa farasi kuelekea Kondoa Irangi. Masika ikawakuta njiani. Katika kampeni ile kulikuwa pia na kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Anayeujua udongo mweusi wa njia ya Makuyuni mwezi wa nne, enzi za kabla ya lami, hahitaji kusimuliwa hali ya wale jamaa.

Taa za pikipiki za zama zile kwa kawaida hazikuwa za umeme, zilikuwa za kabaidi. Mafundi wanaochomelea bodi za magari wanaijua kabaidi vizuri, ni yale mawe ya kijivu yanayonuka vibaya yakiloa. Taa yake ni kopo lenye vyumba viwili: juu maji, chini kabaidi. Maji yanadondoka tone kwa tone, inatoka gesi ya asetilini, gesi inapita kwenye mpira mpaka kwenye kioo cha mbele, unaiwasha kwa kiberiti kama kibatari. Ilikuwa na adha zake bwana. Maji yakiisha taa inazima, na kila safari ikiisha unamwaga uji mweupe wa chokaa uliobaki chini ya kopo. Lakini mwanga wake ulikuwa mweupe na wa kutosha, na juu ya hapo ilikuwa na sifa moja ambayo pikipiki za baadaye ziliipoteza kwa miaka mingi: haikuidai injini kitu. Injini iungurume au isinzie, taa inawaka vile vile.

Umeme ulipochukua nafasi ya kabaidi, na katikati ya miaka ya 1920 zikaja balbu zenye nyuzi mbili ndani, moja ya fulu na moja ya dimu, watu waliona maendeleo. Na kweli yalikuwa maendeleo. Ila tangu siku hiyo taa ikawa ombaomba wa injini. Mswahili aliipa mashine jina la mlio wake, pikipiki, na wengine wakasema tukutuku. Sijasikia popote ilikoitwa kwa jina la taa yake, na ukijua jinsi umeme ule unavyopatikana utaelewa ni kwa nini.

Hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndipo penye kiini cha habari yote. Pikipiki ndogo haina jenereta kubwa kama gari. Ubavuni mwa injini kuna gurudumu lenye sumaku linalozunguka, na ndani yake kuna koili, yaani waya wa shaba uliosukwa kwenye vyuma. Sumaku ikizunguka, koili inatoa umeme. Ikizunguka kwa kasi inatoa mwingi, ikizunguka polepole inatoa kidogo. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele ilifungwa moja kwa moja kwenye koili hiyo bila kupitia betri. Ndiyo maana ukisimama kwenye makutano taa inafifia, ukivuta mafuta inafumbua macho. Na balbu ya waya haina huruma: ukiipunguzia volti kwa asilimia 10 tu, mwanga wake unashuka kwa karibu asilimia 30.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke Olkokola au Ilkiding'a. Unateremka usiku kuja mjini, njia ina mawe, imechimbika na mvua, ukungu umeshuka. Unakwenda polepole, umeachia mafuta, mkono uko kwenye breki. Injini inazunguka taratibu, kwa hiyo taa imesinzia. Mahali unapohitaji mwanga kuliko pote ndipo mashine inapokunyima. Ukifika lami ya Sakina, kwenye taa za barabarani ambako ungeweza hata kwenda bila taa, inawaka vizuri kabisa! Aliyechora mpango huo hakuwa mjinga. Alikuwa anachora kwa ajili ya mtu mwingine na barabara nyingine.

Mtu huyo mwingine tunamjua. Mwaka 1968 Yamaha walitoa DT-1, pikipiki iliyotengenezwa hasa kwa soko la Marekani, kwa ajili ya kijana anayetaka mashine ya kumfikisha porini wikiendi na kumrudisha nyumbani kupitia barabara kuu. Honda wakafuata na XL250 mwaka 1972. Hizi ndizo pikipiki za tabia mbili, lami na vumbi: tairi za vipele, madigadi ya mbele iliyonyanyuka juu, springi ndefu. Taa iliwekwa kwa sababu sheria za barabarani kule zinataka taa. Kazi yake kubwa ilikuwa mwenye pikipiki aonekane na magari akirudi jioni. Kuona porini usiku halikuwa jambo la kiwanda, na wale waliotaka kushindana usiku kwenye jangwa la Baja kule Mexico walijifungia taa zao wenyewe.

Wadogo zao, za cc 125 hadi 185, nyingi zikiwa na umeme wa volti 6, ndizo zilizosambaa huku kwetu miaka ya 1970 na 1980. Hukuzikuta kwa kijana wa wikiendi. Ulizikuta kwa bwana shamba, bwana mifugo, mchungaji, afisa wa mradi wa maji. Kwa watu wa vijiji vya Meru, pikipiki ya aina hiyo ikiingia uani maana yake serikali au kanisa limefika. Kwa utaratibu wa ofisi zilikuwa mashine za mchana. Lakini ng'ombe hazai kwa ratiba ya ofisi, na msiba wa Ngare Nanyuki haumsubiri mchungaji apate usingizi Usa River. Kwa hiyo zikaenda usiku, na taa yake ile, ambayo wazee wanaifananisha na kiazi kilichochomwa kikabaki na moto kidogo.

Kwa nini hawakubadilisha? Walibadilisha walipoweza, ila kumbuka ilikuwa miaka gani. Mwaka 1974 serikali iliunda Shirika la Magari, SMC, uagizaji ukawa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa na mpaka na Kenya ukafungwa, na Namanga, ambayo kwa mtu wa Arusha ndiyo ilikuwa njia fupi ya kwenda dukani Nairobi, ikawa ukuta mpaka Novemba 1983. Katikati hapo tukapigana vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Mwaka 1983 kikaja kipindi cha uhujumu uchumi, mtu anaficha sabuni uvunguni kama anaficha bunduki. Balbu ya pikipiki ya volti 6 ungeitafutia wapi?

Hapo ndipo fundi wa Arusha alipozaliwa mara ya pili. Mzee mmoja wa gereji, ambaye jina lake naliacha maana hapendi makuu, alinisimulia walivyokuwa wanachukua taa ya Land Rover iliyokufa, ile ya duara ya inchi 7 yenye balbu ya kutoa, wanaichomelea mabano na kuifunga mbele ya pikipiki ya mradi. Balbu ya Land Rover ni ya volti 12, haiwezi kuwaka sawasawa kwa umeme wa 6. Hawakuitaka. Walitaka bakuli lake, ile sahani inayong'aa kama kioo, wakapachika ndani balbu ndogo ya pikipiki kwa bati na uvumilivu. Umeme ni ule ule, wati ni zile zile, lakini bakuli kubwa linakusanya mwanga unaopotea na kuusukuma mbele. Hakuna kitabu kilichowafundisha. (Wasomi wa fizikia mlioko Chuo cha Ufundi pale barabara ya Moshi, kilichoanzishwa 1978, mnaweza kututhibitishia.)

Wengine wanasema wazo la kuongeza taa lilitoka kwenye mashindano ya magari. East African Safari ilianza 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita mpaka Tanganyika. Mteremko wa Magara kule Mbulu ulikuwa na sifa mbaya kwa madereva. Magari yale yalikuwa na taa za ziada zimepangwa mbele kama meno. Inawezekana kabisa mafundi waliziona. Ila mimi naona njaa ya mwanga ilikuwepo kabla ya mashindano, na mtu anayeteremka Olkokola gizani hahitaji kufundishwa na mshindi wa rali.

Biashara ilipoanza kulegezwa kuanzia bajeti ya 1984, vipuri vikarudi polepole. Mapinduzi yenyewe lakini yalingoja miaka ya 2000, pikipiki za Kichina zilipoingia kwa bei ambayo kijana anaweza kuifikia, Sanlg, T-Better, Toyo na nyinginezo, halafu Boxer na TVS za India zikashika soko. Jina bodaboda lilitoka Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli zinazovusha watu na mizigo. Hapa Tanzania SUMATRA walitoa kanuni za pikipiki za abiria mwaka 2010, na tangu 2019 kazi hiyo iko chini ya LATRA. Kwa hiyo ndani ya miaka michache pikipiki ilihama kutoka kwa bwana shamba ikaenda kwa kijana wa Ngaramtoni, Kijenge, Usa River, ambaye riziki yake nzuri iko usiku, daladala zikishapungua.

Na taa? Taa ilibaki pale pale. Volti zilipanda kutoka 6 kuwa 12, lakini balbu ya kawaida ya pikipiki hizi ni wati 35 kwa fulu na 35 kwa dimu. Gari lenye balbu ya H4, aina iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 1971, linatumia wati 60 na 55, tena kwa taa mbili. India yenyewe iliamua kuanzia Aprili 2017 kwamba pikipiki mpya ziwake taa muda wote injini ikiwa inaunguruma, mchana kweupe, ili zionekane. Ni sheria nzuri, siipingi. Lakini ona lugha yake: zionekane. Kijana wa Ngaramtoni tatizo lake si kuonekana peke yake, ni kuona. Kwa kilomita 60 kwa saa anakula karibu mita 17 kila sekunde, na ng'ombe mweusi katikati ya barabara ya Namanga karibu na Oldonyo Sambu hana taa ya nyuma.

Zamani fundi alikuwa na njia moja tu, balbu yenye wati nyingi zaidi, na njia hiyo ilikuwa na adhabu. Ukiweka ya wati 60 kwenye koili iliyosukwa kwa 35, taa inawaka nyekundu, soketi ya plastiki inayeyuka, na waya mwembamba unapata moto. Jibu lilitoka mbali kabisa, kwenye maabara za Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Akasaki, Amano na Nakamura walifanikiwa kupata LED yenye mwanga wa buluu unaofaa, na kutoka hapo ikapatikana nyeupe. Nobel ya fizikia waliipata 2014. Mwaka 2007 Lexus wakaifunga kwenye taa ya mbele ya gari la kifahari. Muda si mrefu ikawa imetandazwa kwenye meza ya mchuuzi soko la Kilombero, karibu na chaja za simu. Kwa wati 18 inatoa mwanga unaoishinda balbu ya 35. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za kabaidi, mtu wa pikipiki ndogo angeweza kupata mwanga wa maana bila kuinyonya injini.

Mimi mwenyewe nina pikipiki ya mtumba ya tabia mbili, ya miaka ya 1980, chapa naihifadhi. Ilikuwa ya volti 6. Nilipompelekea yule mzee nikamwambia nataka taa ya LED, hakuuliza nataka ya bei gani. Aliuliza, "Chalii yangu, koili yako inatoa wati ngapi?" Nikamwambia sijui mzee wangu. Akafungua ubavu wa injini, akaitoa, akaisuka upya kwa waya mpya ili itoe volti 12. Akafunga regileta, kile kidude cha alumini chenye mapezi, kwa sababu LED haipendi umeme unaopanda na kushuka kama bei ya nyanya. Kisha betri ndogo ya volti 12, fyuzi karibu na betri, na waya wa ethi akaupeleka mpaka kwenye betri badala ya kuuachia kwenye fremu yenye kutu. Taa yenyewe kuifunga ilichukua dakika ishirini: mabano mawili, nati nne, raba za kuzuia mtikisiko. Kazi ilikula siku mbili na taa ilikula dakika ishirini. Vijana wengi wanalipia hizo dakika ishirini tu.

Giza lilipoingia akanikalisha juu ya pikipiki, mita 5 kutoka ukuta wa gereji, akapiga alama ya chaki usawa wa taa, akawasha dimu. Mstari wa mwanga ukutani unatakiwa ukae sentimita 5 hadi 7 chini ya alama. Ni lazima mtu awe amekaa, kwa sababu pikipiki hizi zina springi ndefu; uzito ukibonyea nyuma, pua inanyanyuka na taa inaangalia mbinguni. Bodaboda yenye abiria wawili na kiroba cha mkaa inamulika matawi ya migrevilea.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona kimeandikwa katika gazeti lolote. Alichukua taa nyingine dukani kwake, akaiwasha ukutani. Mstari wake ulikwenda sawa upande wa kushoto, halafu upande wa kulia ukapanda juu kama ngazi. "Hii imetengenezwa kwa ajili ya nani?" akaniuliza. Ulaya katika miaka ya 1950 walianza kuipa dimu umbo lisilolingana: upande wa ukingo wa barabara unamulika mbali zaidi ili umuone mtembea kwa miguu, upande wa gari linalokuja unabaki chini. Ujerumani, Ufaransa, China, Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo ngazi yao inapanda kulia. Sisi tunaendesha kushoto, urithi wa Mwingereza, pamoja na Wajapani na Wahindi. Taa yenye ngazi ya kulia ikifungwa Arusha inafanya kinyume cha kazi yake yote: ukingoni anakotembea mama inaacha giza, na mwanga inaupeleka moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Na hizo angalau zina mpango. LED nyingi za bei ya chini hazina mstari wowote, ni safu ya vijicho vinavyomwaga mwanga kila upande.

Nenda Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, saa mbili usiku. Akina mama wanarudi na mabeseni pembeni mwa barabara ya Moshi. Bodaboda inakuja na taa kama jua, dereva wa gari anafumba macho, anavuta usukani kushoto kwa silika, na kushoto ndiko waliko watu. Mwenye taa hajui lolote, kwake barabara ni nyeupe kabisa. Wa pili naye akishapofushwa mara tatu anakwenda kununua kali zaidi. Na ajali ikitokea taarifa inakuja na maneno mawili yale yale, mwendo kasi na uzembe, sisi tunayaandika kama yalivyo, na mhariri hajawahi kuniuliza taa ilikuwa ya aina gani. Hatuna takwimu za waliokufa kwa sababu mtu hakuona, maana fomu ya mawazo yetu haina chumba hicho.

Sisemi zipigwe marufuku. Anayesema hivyo hajateremka Olkokola na balbu ya kiwandani. Mzee wangu ana msimamo wake: taa ya ngazi ya kulia hauzi tena, ile aliyonionyesha ameibakiza kwa kufundishia, na ukutani kwake alama ya chaki ameibadilisha kuwa mstari wa rangi nyekundu. Kupanga taa hapo hatozi hela. Tatizo ni kwamba lazima usubiri giza liingie, na saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya abiria, kwa hiyo vijana wengi wanaondoka na skrubu za taa hazijaguswa.